Usilipe kabla hujarudi mwenyewe bila dalali

Ndugu yangu, umeuliza utaijuaje nyumba mbovu kabla hujatoa kodi ya miezi sita, maana dalali kakuzungusha siku nzima kwenye vyumba vya ajabu. Pole sana, Dar ndo ilivyo, na mimi nilizunguka wiki tatu kutoka Sinza mpaka Kigogo. Kuna chumba ili uingie lazima upite sebuleni kwa mpangaji mwingine, wakati wanakula! Kingine choo kimoja familia saba na mlango wake ni shuka.

Ila kilichonitisha ni cha Kigogo, kizuri kwa macho, rangi mpya inanukia, lakini imepakwa ukuta wa chini tu, nikakwangua na kucha ikabanduka kama ganda la yai, chini yake mstari wa kahawia usawa wa goti. Mama mmoja alikuwa anaosha vyombo uani akaniambia taratibu, mwanangu, masika huku tunapandisha magodoro juu ya kabati. Bonde la Mto Msimbazi, lile linalofurika mvua zikikolea, liko pale pale. Dalali alikuwa anaangalia simu tu.

Kwa hiyo rudi jioni peke yako, ikiwezekana mvua ikishanyesha, ongea na wapangaji, angalia dari kama ina madoa, fungua bomba, uliza luku ya umeme mnachangia wangapi maana hapo ndo ugomvi unaanziaga. Na hela mpe mwenye nyumba mwenyewe, mkataba uandikwe mjumbe wa mtaa akiwepo. Dalali akikuharakisha eti kuna mtu mwingine anakuja kulipa, mwache alipe huyo mtu.