Bastola ya babu kwenye sanduku: ina thamani gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Baba yetu alifariki mwaka jana hapa Urambo, na tulipofungua sanduku lake tukakuta rivolva ya babu imeviringishwa kwenye kitambaa cha mafuta. Ubavuni kushoto imeandikwa WEBLEY na mwaka 1918, na juu ya mtutu MARK VI. Kuna pia bahasha ya karatasi za zamani ambayo hatujaigusa. Ukoo unasema babu wa babu aliipata Wabelgiji walipomtoa Mjerumani Tabora. Tuko wanne na tunataka kugawana mirathi. Kuna mtu wa mjini ameahidi hela nzuri, ila anataka tumalizane kimya kimya. Tuihesabu kwa shilingi ngapi? Je, tuisafishe kwanza?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba.

Naanza na swali la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka: msiisafishe. Miaka kadhaa nyuma kijana mmoja aliniletea, akiwa na askari polisi, Webley kama hiyo yenu. Alikuwa ameisugua kwa msasa siku mbili ili ipate bei. Iling'aa kama sufuria mpya. Nilipoigeuza kwenye mwanga sikuona herufi hata moja, pale palipokuwa na mwaka pamebaki bonde laini la chuma. Mkusanyaji wa silaha za kale analipia ile rangi ya kiwandani, bluu iliyokolea hadi nyeusi, hata ikiwa imechakaa, na analipia maandishi yake. Yule kijana alifuta vyote kwa mikono yake, na hakuna fundi anayeweza kuvirudisha. Brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, pia msiiguse. Kitambaa cha mafuta mlichoikuta nacho kimeitunza vizuri, kibaki.

Sasa silaha yenyewe. Webley Mark VI ni bastola ya jeshi la Uingereza, ilianza kutumika mwaka 1915 na ilitengenezwa Birmingham. Inabeba risasi sita za kaliba (yaani upana) ya .455, na mtutu wake ni inchi sita. Inakunjika katikati: ukibonyeza kitasa cha ubavuni karibu na nyundo, mtutu unainama na maganda yanasukumwa nje yote kwa pamoja. Rivolva ya jeshi la Mjerumani ya miaka ya 1879 na 1883 haikunjiki hivyo, inajazwa risasi moja moja kupitia kidirisha cha pembeni. Kwa hiyo hii si ya Mjerumani.

Na hapo nasikitika kuigusa habari ya ukoo wenu. Tabora iliangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916. Bastola iliyopigwa chapa ya 1918 haikuwepo duniani siku ile. Simwiti mzee yeyote mwongo. Huenda babu aliipata baadaye, labda kwa mwajiri Mwingereza. Urambo ilijaa Waingereza wakati wa ule mpango wao wa mashamba makubwa ya karanga baada ya vita kuu ya pili, na silaha za jeshi zilizopitwa na wakati ziliuzwa kwa raia. Lakini mnunuzi makini atauona mwaka huo kabla hajaona kitu kingine, na mkimwuzia hadithi ya 1916 hatawaamini hata mtakaposema kweli.

Kuna alama nyingine za kutazama. Tafuteni kialama cha mshale, kama unyayo wa kuku: hiyo ni mali ya serikali ya Uingereza. Ikiwa nyayo mbili zimegusana ncha kwa ncha, basi iliuzwa kihalali kutoka jeshini. Kisha namba. Ile ya kwenye fremu, yaani kiwiliwili cha bastola, ilingane na ya silinda, lile gurudumu linaloshika risasi, na ya mtutu, zikitofautiana bei inashuka sana. Kitako cha silinda nacho kitazamwe. Nyingi zilizouzwa Marekani zilichongwa hapo ili zikubali risasi za .45 za bastola za Kimarekani. Zilizochongwa hazipendwi na wakusanyaji, na kuzifyatulia risasi hizo zenye nguvu ni hatari.

Kazi hii ya kutazama msiifanye nyumbani, na hapa ndipo swali la thamani linapoanzia hasa. Leseni ya silaha ni ya mtu, hairithiwi pamoja na silaha. Kuanzia siku ile baba alipofariki, bastola hiyo haina mmiliki mwenye kibali, na kukaa nayo ni kosa kubwa chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Msipande nayo basi wala bodaboda. Msimamizi wa mirathi aende kituoni mikono mitupu, amweleze mkuu wa kituo, waje wenyewe kuichukua. Wadai hati ya mapokezi yenye namba ya silaha. Huyo wa kimya kimya mwambieni hapana leo hii. Silaha aliyonunua bila kibali ikitumika kwenye uhalifu, atakayetafutwa ni ninyi.

Bei. Mark VI zilitengenezwa zaidi ya laki mbili, si adimu. Kwenye minada ya Marekani ya kawaida huuzwa kwa mamia ya dola, nzuri sana hupita elfu. Tazameni bei ya iliyouzwa, si ya anayetangaza, na kumbukeni dalali wa mnada hukata chake. Halafu msichukue tarakimu hiyo mkaizidisha kwa shilingi. Hapa anayeweza kuinunua ni mwenye kibali au duka lenye leseni, polisi wakiridhia, na risasi za .455 hazipatikani kirahisi, kwa hiyo wawindaji hawaitaki. Kuisafirisha nje kunahitaji vibali vya nchi mbili, na gharama inaweza kuumeza mnada wote. Kwa maoni yangu, kwenye orodha ya mirathi iandikeni kwa jina na namba, sehemu ya thamani muache wazi, na msimpunguzie mtu shamba wala ng'ombe kwa ajili yake. Ikija kuuzwa, gawaneni kilichopatikana.

Hiyo bahasha ndiyo ningeifungua leo. Ikiwa ndani kuna leseni ya babu ya enzi za Tanganyika, au stakabadhi, yenye namba ile ile iliyo kwenye fremu, basi mnayo silaha yenye historia iliyothibitishwa, na hiyo hulipiwa zaidi. Toeni nakala, halisi zisiende kituoni, kisha niandikieni namba na mwaka wa kila karatasi.