Bili moja ya faiba na laini ya simu

Ndugu yangu, nimekuelewa: una wateja wa faiba (intaneti ya waya) Nyegezi na Capri Point hapa Mwanza, sasa unataka kuwauzia na laini za simu kwa bili moja. Usianze na minara. Panga nafasi kwenye mtandao wa kampuni ya simu yenye minara tayari, wewe baki na mteja.

Gharama ya kuchimba mitaro ya nyaya za faiba iwe na fungu lake. Mawe ya Mwanza unayajua, mimi yalinimalizia bajeti kabla sijafika Bugando! Punguzo nalo lipime: kifurushi cha pamoja kinapunguza mapato ya kila mwezi kwa kila huduma, hivyo kinalipa tu kama mteja hahamii kampuni nyingine.

Leseni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, hutolewa kwa makundi, kama miundombinu au huduma za mtandao, si kwa teknolojia. Muone mwanasheria kabla hujasaini chochote.