Kabla hujaandika "mkulima hana uelewa"

Wadogo zangu wadadisi, mnaojaza madodoso ya wakulima na masoko, nimemaliza kupitia ripoti zenu za awamu ya kwanza na kichwa kinaniuma. Karibu kila ukurasa una sentensi hii: "Wakulima hawana uelewa wa masoko." Mmeiandika Mbozi, mmeiandika Namtumbo, na mmoja wenu kawaandikia akina mama wa nafaka pale Tandale, watu wanaoweza kukuuza wewe na tableti yako kabla hujamaliza kutoa shikamoo. Nawapenda, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu nikiwa na hasira.

1. Dodoso lina kisanduku cha "sababu nyingine, eleza". Kitumieni. Mkulima akifanya jambo ambalo hesabu yako inalikataa, anza kushuku hesabu yako.

2. Bei bila uzito haina maana. Gunia la lumbesa, lililojazwa kupita kipimo, na gunia lililoshonwa mdomo ni vitu viwili, hilo mnalijua. Tatizo lenu ni fungu. Kijana wetu mmoja kaniletea bei ya nyanya: 500, wiki ijayo 500, mwezi ujao 500, chini kaandika "bei tulivu". Nikamshika mkono hadi gengeni. Fungu lililokuwa na nyanya tano lina tatu, na ile ya juu imegeuzwa ili upande wenye doa uangalie chini. Mwenye genge hapandishi bei kwa sababu mteja wake katoka nyumbani na mia tano mkononi, hana mia saba. Anachopunguza ni nyanya. Beba mizani, basi.

3. Usimwulize mtu wa Kagera kama anafanya butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini, wala mtu wa Mtwara kama anauza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi. Vimepigwa marufuku, atakujibu hapana na utaandika hapana. Uliza mara ya mwisho alipata hela ya dharura wapi, halafu nyamaza. Na akikueleza kwamba aliuza kahawa ikiwa bado ua ili amtoe mtoto hospitali, usimwandikie "ameibiwa" kabla hujajua pale kijijini nani mwingine angempa hela usiku ule.

4. Kuhifadhi mazao. Hapa nitakaa, maana kosa hili ni langu, na kila msimu naliona linarudi limevaa fulana mpya ya mradi.

Mwaka 2017 nilikuwa Ruvuma, nina shahada mbichi na chati ya bei. Chati haikuwa na kosa: mahindi yanashuka mwezi wa sita na wa saba kila mtu anapovuna, yanapanda hadi mwezi wa pili. Katika kaya zangu kulikuwa na mama mmoja mjane. Mwezi wa saba alitaka kuuza gunia 12 kwa mchuuzi aliyekuja na lori la Fuso. Mwanawe alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, na enzi hizo ada ya kidato cha tano ilikuwa bado haijafutwa. Kuna ada, kuna godoro, ndoo, sare, nauli. Mimi nikaona mama anatupa hela. Nikatoa daftari, nikamchorea mstari unaopanda. "Mama, subiri mwezi wa pili, utauza karibu mara mbili ya hii." Ada ataitoa wapi, sikuuliza. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chake, nakula viazi vyake, na sikuuliza. Akaangalia mstari, akaniangalia, akasema, "Haya mwanangu, wewe umesoma."

Akakopa kwa mchuuzi yuleyule wa Fuso, kwa riba ya kila mwezi. Mtoto akaenda shule.

Sasa sikilizeni nilichokiacha nje ya chati. Serikali ilikuwa imezuia mahindi kwenda nje, mwezi wa sita mwaka huohuo, kama ilivyofanya 2011. Nilisikia redioni, tena nikabishana na dereva wetu habari hizo, lakini haikunijia kwamba zinahusu stoo ya mama yule. Mahindi ya Songea yakakosa pa kwenda. Mwezi wa pili ulipofika, bei ilikuwa chini ya ile ya Fuso, deni limenenepa, na yeye anahitaji gunia nyingi zaidi kulilipa. Halafu dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Gunia za chini hazikuwekewa dawa, kwa kuwa hela ya dawa ilikuwa imeingia kwenye riba. Niliporudi kwa awamu ya pili alinifungulia moja. Nilitumbukiza mkono, ukatoka mweupe hadi kwenye kiwiko. Ule unga wa scania, ndilo jina jingine la dumuzi, wanaoujua wanaujua: punje iko palepale ukiitazama, ukiibonyeza inasagika.

Hakunilaumu. Alinipa kigoda kilekile, akasema, "Mstari wako ulikuwa wa mwaka juzi, mwanangu." Nikacheka kwa aibu, nikafungua tableti, nikaendelea na maswali. Nilipofika "sababu kuu ya kuuza kwa bei ya chini", nikachagua kwenye orodha: *uelewa mdogo wa soko*. Nilimwandikia yeye. Yule aliyetaka kuuza mwezi wa saba, aliyekuwa sahihi, akaingia kwenye jedwali kama mfano wa asiyeelewa, na kuna semina iliandaliwa baadaye kwa sababu ya namba za namna hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia mtu ahifadhi, uliza hela ya mwezi huu inatoka wapi, dawa au mifuko isiyopitisha hewa anayo, na mpaka uko wazi au umefungwa.

5. Muda wa hela ni jambo zito kuliko mnavyofundishwa. Kule Busia, magharibi mwa Kenya, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwapa wakulima nafasi ya kulipia mbolea mara tu baada ya mavuno, huku gharama ya kuifikisha ikibebwa na mradi. Bei ya mbolea ni ileile, na bado waliotumia wakaongezeka. Walichapisha mwaka 2011, isomeni.

6. Mnunuzi wa mjini naye mnamwonea. Mmeandika kwamba dada anayenunua mafuta ya kupima ya mia tano kila jioni "hapangi bajeti", kwa kuwa lita nzima ingempa nafuu. Nilimwuliza mmoja pale Tandika. Akanijibu huku akihesabu chenji: "Lita ikikaa ndani inapikwa kama lita." Isitoshe, mume anaacha hela ya matumizi kila asubuhi, haachi ya mwezi, na mwenye duka anayempimia mia tano ndiye atakayemwandika kwenye daftari siku hela haikuachwa. (Kuhusu mchele, mkiambiwa ni wa Kyela, andikeni "muuzaji anasema Kyela". Kwa mchele wote unaoitwa hivyo Dar, Kyela ingekuwa kubwa kama Tabora.)

7. Msiende siku ya gulio, msianze na swali la kipato, chajini tableti.

8. Mume na mke wahojiwe mbali mbali. Msimu uliopita mume alisema wamevuna gunia 14, mke akasema 17. Mfumo ukawasha nyekundu, na mdadisi wetu, mtoto mwema kabisa, akarudi akawakalisha wote wawili barazani ili "walinganishe takwimu". Zile tatu zilikuwa kwa dada yake mke, anaziuza kidogokidogo kwa sado, kile kindoo cha kupimia, anapata sabuni na daftari za watoto. Kikao kilimalizwa na mtendaji wa kijiji saa nne usiku. Namba zikigongana, mpigieni mke kwanza, tena mchana, mume akiwa shamba.