Mke wangu hataki kusikia hekima ya Warumi

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, huu ni mwaka wa 9 wa ndoa yangu. Nawapenda sana washairi wa Roma ya kale. Nilimtumia mke wangu kwenye simu mishororo miwili ya Catullus, "nachukia na napenda", akajibu: "Gesi imeisha." Nikimsomea Horace kwamba tuifurahie siku ya leo, ananikumbusha ada. Fedha anazificha kwenye kikoba. Mwalimu mwenzangu wa kike ananielewa sana, naye anasema mke wangu hathamini kipaji changu. Nifanyeje? Mpenda Mashairi, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Kukosa wa kuzungumza naye kile unachokipenda kunauma, pole. Pole yangu inaishia hapo.

Huyo mwalimu mwenzako amejuaje kwamba mkeo hathamini kipaji chako, kama si wewe unayempelekea habari za nyumbani? Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na wewe umekohoa mpaka nimekusikia huku. Tena ukamchagua Catullus! Lesbia, mwanamke aliyemtesa moyo, alikuwa mke wa mtu, na mume huyo anatajwa katika mashairi yake hayo hayo. Maneno ya mwanaume aliyeungulia mke wa mwenzake ndiyo unayomtumia mama watoto, naye amesimama mbele ya mtungi mtupu?

Horace naye umemkatiza. Katika shairi lile anamwambia mwanamke aitwaye Leuconoe aache kupiga ramli za nyota za Kibabeli, achuje divai, afupishe matumaini marefu. Ndipo anasema *carpe diem*. Neno *carpe* lenyewe ni la shambani: chuma siku, kama unavyochuma tunda lililoiva. Kazi ya nyumbani imo ndani ya ushauri wenyewe. Ada ya mtoto hakuigusa.

Ungekuja na Ovid, mshairi mwingine wa Roma, ningekusikiliza zaidi. Huyu aliwafundisha vijana wa Roma kutongoza, lakini humo humo akawaambia: ukitaka kupendwa, pendeka, mwenzako akiugua, kaa karibu naye akuone. Mwaka 8 BK Kaisari Augusto alimfukuza mpaka Tomis, kwenye Bahari Nyeusi, ambako leo ni Constanța nchini Romania. Hakurudi tena. Marafiki waliokuwa wengi wakabaki wawili watatu. Aliyesimama ni mkewe wa tatu, aliyebaki Roma akilinda mali ya mumewe isinyakuliwe. Ovid alimwandikia kwamba alikuwa kama boriti iliyowekwa chini ya jengo linaloporomoka. Umeona? Hicho unachokiita kuficha fedha kwenye kikoba, Ovid alikitungia mashairi ya shukrani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nawe unaye ndani ya nyumba, unamshtaki kwangu.

Wanaume wa siku hizi mmejua kusema. Baba zenu wengi walikuwa wazito wa maneno, lakini gunia la mkaa lilifika na karo ililipwa. Leo simu imejaa mahaba, jiko limepoa, kisha mke akiuliza unga anaambiwa hana hisia. Hisia anazo. Amechoka kuwa peke yake anayehesabu siku za mwezi.

Kwa hiyo sikia. Na huyo mwalimu, mazungumzo yawe ya ratiba na mitihani tu. Leo hii nunua gesi kabla hujafungua kitabu. Mkishakula, msimulie mkeo kwa Kiswahili kisa cha Ovid cha Philemon na Baucis, wazee maskini waliowakaribisha miungu Jupiter na Mercury bila kuwajua. Mume amechuma mboga bustanini, mke anazichambua. Meza ina mguu mfupi, wameutegemeza kwa kigae. Wazee hao waliomba wafe kwa saa ile ile, asiwepo wa kumzika mwenzake. Ukimaliza, mwulize mkeo anaonaje, kisha unyamaze umsikilize.