Mshauri wa ndoa Marekani: maswali ya wasomaji

Nikimpata mshauri Mweusi, si ataelewa mambo yetu sisi tuliotoka Afrika?

Si lazima. Mweusi aliyezaliwa Chicago anaujua ubaguzi wa rangi kwa ndani, na hilo si dogo. Lakini pesa mnazotuma Bukavu kila mwezi anaweza kuziona ni udhaifu wa mumeo kwa ndugu zake. Mpime kwa simu kabla hujalipa. Wengi wanatoa dakika 15 bure. Mwambie hivi: "Mume wangu anatuma dola 200 kwao, na kodi ya nyumba inachelewa." Akikurupuka kusema acheni kutuma, tafuta mwingine. Akiuliza nani alipanga kiasi hicho, wazazi wana tegemeo gani lingine, na mkipunguza lawama zitamwangukia nani, huyo mpe nafasi. Hakikisha pia ana leseni ya jimbo unaloishi. Hata kikao cha video kwa kawaida hufuata sheria hiyo.

Binti yetu wa miaka 13 anaweza kututafsiria?

Hapana kabisa. Atasikia ya chumbani, kisha atayalainisha maneno ili msigombane. Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kuwapa mkalimani bila malipo. Mwombeni mnapoweka miadi, na mtaje Kiswahili cha wapi: cha Lubumbashi na cha Unguja vinapishana. Mji ukiwa mdogo, ombeni wa kwa simu aliye mbali, maana wa karibu huenda mnasali naye.

Mume wangu anasema wazee wanatosha.

Kwa mengine wanatosha. Mzee anaweza kumwita shemeji akamkanya, mtaalamu hawezi. Ila mtaalamu anafungwa na sheria kutunza siri, isipokuwa mtoto akidhuriwa au maisha ya mtu yakiwa hatarini. Mwombe mumeo vikao vinne tu, kisha mpime wote wawili kama kuna faida.

Bima italipa?

Ugomvi wa ndoa peke yake, mara nyingi hailipi. Hulipia ugonjwa uliotambuliwa, kama sonona. Ulizeni kazini kama kuna vikao vya bure kwa wafanyakazi.

Ananipiga, na mchungaji anataka twende kwa mshauri pamoja.

Pole sana, dada. Usiende naye. Ukweli utakaousema kule unaweza kupigiwa mkirudi nyumbani. Tafuta mshauri wako peke yako, na upige 1-800-799-7233, simu ya msaada kwa wanaopigwa na wenzi wao: ni bure, saa 24, na wana wakalimani. Tumia simu ambayo yeye haikagui.