Maswali ya Wasomaji: Skrubu, Bolti na Vifaa vya Boksi la Spika

Swali: Mafundi, habari za kazi. Natengeneza boksi la spika ya inchi 12 kwa MDF ya milimita 18. Nikifunga skrubu ukingoni, ubao unavimba na kupasuka. Nimebadilisha nikaweka skrubu nyembamba, bado. Ubovu ni wa ubao au wa skrubu?

Jibu: Wala ubao wala skrubu, ni tundu. MDF ni nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi. Nyuso zake mbili ni ngumu, lakini katikati ni laini. Skrubu ikiingia ukingoni bila kutobolewa njia, inageuka kabari.

Kwa ubao huo tumia skrubu za chipbodi za milimita 4 kwa 50. Ukingo utoboe kwa biti ya milimita 3, kina 35, ili ncha ya skrubu isigonge mwisho wa tundu. Kisha ubao wa juu, ule skrubu inaoupitia kwanza, utoboe milimita 4.5 ili skrubu ipite bila kung'ata. Hatua hii ya pili wengi wanairuka. Skrubu yenye meno mpaka kichwani ikizishika mbao zote mbili, mwanya ulio kati yake unabaki palepale hata ukaze mpaka kichwa kizame. Dalili yake ni gundi: ukikaza na isitoke hata tone moja kwenye maungio, mbao hazijakutana.

Skrubu ya kwanza iwe sentimita 5 kutoka kona, nyingine kila sentimita 15. Klachi ya drili, ile pete ya kupima nguvu ya kukaza, iweke namba ndogo, halafu malizia kwa bisibisi ya mkono. MDF haitoi onyo: unahisi skrubu ngumu, ngumu, mara nyepesi, ndiyo imekula tundu. Hapo usikimbilie skrubu nene, maana utaupasua ubao uliobaki. Toboa milimita 8, pachika kijiti cha mbao ngumu kilichopakwa gundi, kikauke, ukate kilichozidi na kutoboa upya.

Swali: Nimebakiwa na skrubu nyeusi za jipsamu. Zinafaa?

Jibu: Kwa kubana kwa muda tu, gundi ikikauka uzitoe. Zimefanywa ngumu, hazipindi, zinakatika shingo. Kipande kikibaki ndani ya MDF, kukitoa ni kuharibu ukingo.

Swali: Kuna anayeniambia boksi imara halihitaji skrubu hata moja. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli, ikiwa una vibano vya kutosha na mbao zimekatwa sawasawa. Kinachoshika boksi ni gundi, na skrubu ni kibano kinachobaki ndani. Gundi nyeupe ya mbao inatosha. Ila ukingo wa MDF hunywa gundi kama sifongo: paka mkono wa kwanza mwembamba, subiri dakika chache uingie, ndipo upake wa pili na kuunganisha. Kabla haijashika, pima boksi kona kwa kona. Vipimo viwili visipolingana, bana kona mbili za kipimo kilicho kirefu mpaka vilingane. Vibano vikae saa moja hivi, na boksi lisibebe mzigo mpaka kesho yake. Kona za ndani zipitishie mstari wa gundi kwa kidole, kwa sababu tundu dogo tu linapiga mluzi besi ikipanda.

Swali: Spika yangu inalegea kila mara. Nikikaza, skrubu zinazunguka tu. Boksi limeshafungwa pande zote. Nifanyeje?

Jibu: Hapa gundi haikusaidii, kwa kuwa spika ni lazima itoke siku ikiungua. Skrubu ya mbao iliyokazwa na kufunguliwa mara kadhaa kwenye MDF humaliza tundu, na spika ya inchi 12 ina uzito na mtikisiko. Weka bolti za M5 (unene wa milimita 5) pamoja na zile nati zenye makucha zinazokaa nyuma ya ubao. Boksi kuwa limefungwa si tatizo, mkono unapita kwenye tundu la spika.

Ikalishe spika mahali pake, weka alama kwa penseli kupitia matundu ya fremu yake, kisha itoe. Shingo ya nati ipime kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) na uchague biti inayolingana nayo. Usiipigilie nati kwa nyundo, itaingia upande na bolti itakula meno. Ivute: pitisha bolti yenye washa pana kutoka mbele, ishike nati kwa nyuma, kaza taratibu mpaka makucha yazame. Tone la epoksi chini ya bamba la nati huizuia isidondoke, ila lisiguse meno. Bamba likikaribia mno ukingo wa tundu, lisage upande mmoja kwa tupa, la sivyo makucha yatamega ubao.

Bolti ya milimita 30 inatosha kwa fremu ya milimita 5, sponji ya kuziba hewa na ubao wa 18. Zianze zote kwa vidole, kisha kaza kwa kuvuka, moja na inayoitazama. Na jihadhari na sumaku! Inavuta bisibisi ya chuma kwa ghafla, ikiteleza inatoboa karatasi ya spika. Funika spika kwa kadibodi na ishike bisibisi karibu na ncha.

Swali: Nina pesa ya mashine moja tu, jigso au rauta?

Jibu: Kama fremu ya spika inakaa juu ya ubao, nunua jigso (msumeno mdogo wa umeme wenye meno yanayopanda na kushuka), kwa sababu mdomo wa fremu utafunika mkato uliopinda kidogo. Kata ndani ya mstari, umalizie kwa msasa. Mikato mirefu iliyonyooka mwachie mwenye msumeno wa meza.

Ukitaka fremu izame sawa na uso wa ubao, huna budi kuwa na rauta (mashine ya kuchonga mbao kwa biti inayozunguka) na mkono wake wa kuchora duara. Anza na kidato cha fremu, yaani ngazi fupi ambamo mdomo wa fremu utazama, ndipo ukate tundu lenyewe. Ukitanguliza tundu, kipande cha katikati kinaondoka pamoja na pini inayoshika mkono, na huna tena pa kuzungushia. Shuka milimita 5 kila mzunguko. Kipande cha katikati kigandishe kwa tepu kwenye ubao wa chini kabla ya mzunguko wa mwisho, kisije kikakamatwa na biti. Barakoa ya vumbi usiivue mpaka hewa itulie, kwani unga wa MDF ni laini mno na unaelea muda mrefu.