Mkibishana juu ya ubatizo, msinyimane malazi

Mdogo wangu alipohama kanisa na kubatizwa upya, safari hii kwa kuzamishwa mtoni, nilikasirika kana kwamba nimetukanwa mimi. Alikuja kwangu jioni ileile, kanga mbichi ameikunja kwenye mfuko. Sikumwambia alale. Alirudi na gari la mwisho, tukakaa miezi minane bila kupigiana simu.

Nikatafuta barua za Sipriani, askofu wa Karthago huko Afrika Kaskazini, ili nipate hoja za kumshinda. Kumbe ugomvi wetu ni wa karne ya 3! Baada ya mateso ya kaisari Decius mwaka 250, kundi la Novatianus, padri wa Roma, lilijitenga, likikataa walioikana imani wapokelewe tena. Waliobatizwa huko wakitaka kuingia Kanisani, wabatizwe upya? Sipriani alisema ndiyo. Stefano, askofu wa Roma, alisema hapana, wawekewe mikono tu.

Tarehe 1 Septemba 256 walikutana Karthago maaskofu 87, kila mmoja akatoa kauli yake, wote upande wa Sipriani. Yeye alikuwa amefungua kikao kwa kusema kwamba hawatamhukumu wala kumtenga mwenye mawazo tofauti. Sentensi hiyo niliirudia mara nyingi.

Stefano je? Firmiliani, askofu wa Kaisaria ya Kapadokia, aliandika kwamba wajumbe wa Afrika walipofika Roma, Stefano hakukubali kuonana nao, na akawaagiza waumini wasiwape hata mahali pa kulala. Firmiliani alikuwa na hasira, msome kwa tahadhari. Lakini mimi iliniuma, kwa sababu kwenye hoja yenyewe nipo na Stefano, na mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Arles, Ufaransa ya leo, mwaka 314 ulifuata njia yake. Mwenye hoja iliyosimama ndiye aliyefunga mlango. Kama mimi.

Kwa hiyo, ndugu yako akihama kanisa, kwanza muulize amekula nini na atalala wapi. Kisha someni pamoja maandiko anayoyategemea, usitegemee ulichosimuliwa na wa kanisani kwako. Na hoja yako usiifiche. Sipriani hakuificha yake.

Nilimpigia simu, akaja. Yeye alishika Matendo 19, ambapo waliobatizwa ubatizo wa Yohana wanabatizwa tena, mimi nikashika Waefeso 4:5, “ubatizo mmoja”, mpaka saa sita usiku. Nikamtandikia kitanda. Asubuhi, chai haijachemka, akafungua tena Matendo.